Babu, Waebrania na kitimoto

Jumapili, baada ya ibada huko Marangu, babu aliniuliza tukiwa mgombani: "Mjukuu wangu, hao Waebrania walitoka wapi hasa?" Nikaanza na Ibrahimu. Akanikata: "Hayo mchungaji kashayasema."

Nikamweleza jiwe la Farao Merneptah, lililochimbuliwa na mwanaakiolojia Flinders Petrie kule Misri mwaka 1896. Lilichongwa mnamo mwaka 1208 K.K., na jina Israeli, yaani hao Waebrania, limo. Farao anajigamba kwamba mbegu yao haipo tena. (Kajidanganya, mzee wa watu.) Na mwandishi kaweka kwenye jina hilo alama ya mwanamume na mwanamke na vistari vitatu, yaani anataja watu, si mji.

Babu hakusisimka. Kilichomshika ni vijiji. Karibu na wakati huo, vilima vya Kanaani vilianza kujaa vijiji vidogo, vyenye mitungi mikubwa na mashimo ya nafaka. Vyungu vyao vinafuata ufinyanzi wa Wakanaani, ndiyo maana wanaakiolojia wengi huona kwamba wengi wa Waisraeli hao wa mwanzo walitoka humohumo Kanaani.

"Watu wa mlimani, kumbe," akasema, akijisogeza kwenye kigoda.

"Na mifupa ya nguruwe karibu haionekani vijijini humo."

Akashusha kata ya mbege. "Hata kitimoto?"

"Hata kitimoto, babu."

Akatikisa kichwa muda mrefu.