Msimnyime mahamri kabla ya kipimo

Mwanangu ana mwaka na nusu, tumbo limevimba, mapaja yamekonda, na choo hakikai sawa. Tulipofika Lamu kutoka Göteborg, Uswidi, kila aliyekaa barazani kwetu Langoni alikuja na jina la ugonjwa: mchango, meno, jicho. Mamangu aliposikia daktari anashuku seliaki, yaani gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai, kuuchokoza mwili hadi uuumize utumbo wake wenyewe, alikata shauri papo hapo: "Basi asile hamri tena."

Nikamwambia, mama, damu kwanza. Maabara haitafuti ngano. Inatafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa kwa sababu ya gluteni, hasa zile ziitwazo tTG za aina ya IgA. Ukimwachisha mtoto ngano mapema, kingamwili hushuka, na karatasi inaweza kusema yu mzima ilhali utumbo unaumwa. Kwa hiyo asubuhi ni mahamri kwa mbaazi kama kawaida, mpaka turudi akatolewe damu. Shangazi ananiona katili, na simlaumu.

Kwa walio chini ya miaka 2 kuna jambo jingine. IgA yao bado ni changa, na wapo wanaozaliwa bila ya kutosha. Jibu safi la tTG peke yake halitoshi. IgA yote nayo hupimwa, na ikiwa chini hutazamwa kingamwili za aina nyingine, IgG. Mzazi, liulize hili mwenyewe.

Uswidi hawalifanyii mzaha: kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990 watoto wa umri huu waliugua seliaki kwa wingi usio wa kawaida. Na kwa miongozo ya Ulaya ya 2020, tTG ikifika mara 10 ya kikomo cha kawaida au zaidi, na damu ya pili ikathibitisha, mtoto anaweza kuepushwa kamera ya tumboni.

Ikithibitika, ngano ndiyo basi, maisha. Hapo Lamu ina neema kuishinda Göteborg: vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina, vyote mchele, mofa ya mtama. Balaa liko kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, na kwenye karai la mafuta ya mahamri. Mamangu anasema mchele atautwanga mwenyewe, kinu kipo. Kisha akauliza bokoboko la Idi. Hilo ni ngano tupu.