Hapo Sijalowa

Tangu Jumapili neno la mjomba halijanitoka. Yule mjomba wa Sahare, hapa Tanga, mnamjua. Nilimpelekea shairi langu la kusi, ule upepo wa kusini, lile nililolikeshea, nikamsomea huku anashona jarife, wavu wake wa kuvulia. Sindano haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Hebu rudia mshororo wa kwanza."

Nikarudia: *Kusi yaanza kuvuma, bahari yainukia.*

"Mizani imetimia, mwanangu. Ila mimi hapo sijalowa."

Kisha akasema anayeinukia ni mgonjwa aliyepata nafuu. Bahari ya Mei inapiga.

Sijalowa! Nimekuwa nalo jikoni, nimekuwa nalo kwenye daladala, hata wakaguzi walipoingia darasani kwangu na posa ya Zuhura ilipojibiwa, lilikuwapo. Limeniuma kwa sababu ndiyo kazi yangu: kila mwaka nawahesabisha Kidato cha Tatu nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, nawatajia tanakali za sauti, tena katika mkoa huu huu aliozaliwa Shaaban Robert. Na mshororo wangu umetoka mkavu.

Alhamisi usiku mvua ikashuka na upepo wake, umeme ukakatika. Bati la jikoni limelegea msumari mmoja. Likawa linasema ta, kimya, kisha tatata. Nikaanza kuutamka mshororo wangu gizani, polepole. Ya-i-nu-ki-a. Irabu zinafuatana, sauti inateleza tu, midomo haikutani hata mara moja. Na nje upepo ulikuwa unabana na kufyatua, unabana na kufyatua. Mimi nilikuwa nimeandika maana ya kusi, sauti yake nikaiacha ufukweni.

Nikawasha tochi ya simu:

*Bati lapigwa tatata, ngalawa yagonga mwamba.*

Mwamba. Lisemeni kwa sauti. Midomo inakutana mara mbili, kama ya mtu anayejizuia asimeze maji ya chumvi. Nililisema mara nyingi sana, usingizi ukaruka kwa furaha. Najua vina vya *-ta* na *-mba* vitanitesa ubeti mzima, na vinitese. Jumapili nampelekea mjomba.

Ila Hamisi wangu, mwalimu wake amemhamishia dawati la mbele, na leo, amekaa hapo kwenye kochi, kaniuliza kalenda ya ukutani imeandikwa mwezi gani. Miwani ya mtoto sijui inaanzia shilingi ngapi.