Paramone na wanawe

Nimezama kwenye mafunjo (hati za kale za papiri) ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, Misri, na kuna hati moja ya mwaka 291 BK hainiachii. Sinagogi la Wayahudi wa mji linalipa talanta 14 za fedha kumkomboa mtumwa Paramone, wa miaka 40 hivi, pamoja na wanawe. Mmoja ni Yakobo. Miaka 4 tu, jamani!

Baada ya uasi wao dhidi ya Warumi wa 115–117, Wayahudi karibu wanatoweka kwenye hati za Misri. Halafu hawa hapa: wana sinagogi, wana fedha, na mmoja wa waliolipa ni diwani wa Ono, huko Palestina! Najiuliza alifikaje Misri. Kigiriki cha hati yenyewe ni kikavu cha kiofisi, lakini mimi nakipenda hivyohivyo.