Saundi kadi ya FireWire, laptop ya USB

Binamu alipohamia Dar aliniachia saundi kadi yake ya FireWire (njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta kwa waya), chuma kizito chenye matundu manane ya maiki. Kwa studio yangu ya chumbani hapa Majengo, Moshi, ilikuwa mali. Ila laptop yangu ina USB tu.

Fundi mmoja karibu na stendi akanionyesha kichwa cha kugeuza FireWire kuwa USB, tena kwa bei ya kutamanisha. Nikakiacha. Kile hubadilisha umbo la tundu tu. FireWire inataka kidhibiti chake ndani ya kompyuta. Kwenye kompyuta ya mezani ningechomeka kadi ya PCIe, ile inayoingia kwenye nafasi ya ndani ya kompyuta, yenye chipu ya Texas Instruments, inayosifika kwa kazi za sauti. Laptop yangu haina nafasi hiyo.

Nikatafuta saundi kadi ya USB 2.0 yenye matundu mawili ya maiki. Wauzaji watakusukumia USB 3, lakini 2.0 hubeba hadi megabiti 480 kwa sekunde, na chaneli mbili hazifikishi hata 10. Nilichong'ang'ania ni volti 48 za kuendesha maiki ya kondensa, na draiva ya ASIO, programu ya Windows inayopitisha sauti bila kuichelewesha sana, ya mtengenezaji mwenyewe.

Mwimbaji wa kwanza akalalamika: sauti inamchelewa kwenye hedifoni. Nikashusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, kutoka sampuli (vipande vya sauti) 1024 hadi 128. Kwa kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kutoka milisekunde 21 hadi chini ya 3. Akaimba. Wakati wa kumiksi naipandisha bafa tena, maana programu zikiwa nyingi sauti huanza kukwaruza.