Jicho la waya wa kupandishia mashua

Bamvua, yale maji makubwa, imeingia, na hapa Wete, Pemba, kila mwenye mashua ya kukalafati, yaani kuzibwa nyufa, anataka ipande pwani. Maji yakijaa sawasawa tunaileta hadi kwenye magogo ya mnazi, kisha winchi ya mkono inaanza kazi. Winchi watu huikagua, na kapi pia. Lile tanzi la mwisho wa waya, yaani jicho, ndilo linalopuuzwa, na mvuto wote unapita hapo.

Wengi huukunja waya wakabana klampu, basi. Hata hizo huzipachika kinyume. Inavyotakiwa, tandiko la klampu, kile kipande kinacholaliwa na waya, likae kwenye waya unaovutwa, ule upinde wenye nati ukae kwenye mkia. Ukifanya hivyo jicho linashika, sikatai, ila linategemea nati tu. Mimi nataka jicho linalojishika lenyewe kwanza, klampu zije baadaye.

Waya wetu ni wa milimita 12, nyuzi sita zilizozunguka moyo wa katani. Fumua kama mita moja kutoka mwisho. Penyeza bisibisi bapa uzigawe nyuzi tatu huku, tatu kule, moyo ufuatane na upande mmoja. Zitenganishe kwa kuzizungusha, wala usizinyooshe, maana zimepindwa tangu kiwandani na pindo hilo ndilo litakalozishikisha tena. Zilete nusu mbili zikutane juu ya jicho, moja kutoka kulia na moja kutoka kushoto, zipishane kama unavyoanza kufunga kamba za kiatu. Kutoka hapo zungusha kila nusu kushuka shingoni. Uzi unaingia kwenye mfereji ulioachwa na mwenzake, unatulia humo, na ukipitisha kidole huoni pengo. Ukipanda juu ya mwenzake, rudi nyuma uanze tena hapo, nyundo isiguse.

Mikia ilaze kuzunguka waya mkuu, ibane kwa klampu tatu, na baada ya mvuto wa kwanza kaza nati upya.

Vijana wananiambia, "Ami, bana klampu twende, maji yatatupita." Wana haki kuhofia maji. Ndiyo maana jicho naliandaa jana yake, nimekaa kivulini, si wakati chombo kinaelea.

Jicho hili ni la kuvutia chombo ardhini. La kunyanyulia mzigo juu ya vichwa vya watu ni kazi nyingine, linataka kubanwa kwa mashine. Na hata huku chini, waya ukishakaza asiuvuke mtu, watoto wakae mbali kabisa.

Chumvi nayo huanzia ndani. Kabla ya kupaka grisi, fungua nyuzi kidogo utazame moyo. Ukikuta unga wa kutu, au vijiwaya sita vimekatika ndani ya mzunguko mmoja wa uzi, au vitatu kwenye uzi mmoja, waya huo usivutie chombo cha mtu.