Siku moja kliniki ya sukari, Pemba: namba ya asubuhi na namba ya saa 10

Saa 12:40 asubuhi. Mabenchi ya nje yameshajaa. Watu wa Konde na Msuka wamepanda gari ya kwanza baada ya sala ya alfajiri, hawajatia kitu mdomoni, maana wameambiwa hakuna chai mpaka wapimwe. Mifukoni mna boflo na muhogo wa kuchemsha unaosubiri ruhusa. Wote wana haraka moja: gari ya kurudi shamba ikishapita mchana, ya pili haina uhakika.

Haraka hiyo ndiyo itakayotutesa leo. Kliniki ya sukari ni kazi ya asubuhi. Ikiadhiniwa adhuhuri mabenchi ni matupu. Na kuna dawa inayopandisha sukari mchana na jioni, asubuhi ikaiacha inapendeza. Inaitwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, na hakosekani mtu wa kuja nayo mfukoni bila kuitaja.

Saa 1:15 hadi saa 3. Kupima. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke, kwani aliyetoka kumenya embe atapimwa sukari ya embe. Kutoboa ni ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha. Kijiti, tone, namba, daftari. Presha, uzito, miguu. Mtu wa 40 hana tofauti na wa kwanza, isipokuwa mgongo wa anayepima.

Ukiuliza "Unatumia dawa nyingine?" utajibiwa "Hapana, hizi hizi tu." Ukisema "Mimina mfuko wote hapa mezani", ndipo inapotoka bahasha ya karatasi yenye vidonge vyeupe.

Saa 3:20. Mzee wa Konde, kilo 60. Anadunga insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30 (sehemu 70 ya taratibu, 30 ya haraka): yuniti 16 kabla ya chai ya asubuhi na 8 kabla ya chakula cha usiku. Leo sukari yake ni 6.9 (milimoli kwa lita). Kijana wake ameshasimama, funguo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Kifua vipi?"

"Juzi pumu ilinibana, wakanipa vidonge."

Bahasha ikafunguliwa. Prednisoloni za miligramu 5, vidonge 8 kwa mkupuo kila asubuhi, siku 5. Yaani miligramu 40 kwa siku, dozi ya kawaida kwa mtu mzima aliyebanwa na pumu. Leo ni siku ya 2. Aliyeiandika hakukosea, maana pumu ina uwezo wa kuua mtu usiku mmoja. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa kutuarifu kliniki, na mstari huo hukosekana mno.

"Kaka, mzee haondoki sasa. Tunataka apimwe tena saa 6, kisha saa 10."

"Saa 10? Na gari ya Konde? Kwani sukari si 6.9? Mmeandika wenyewe kwamba nzuri."

Hapo ndipo asubuhi ilipokwama. Kidonge kikimezwa saa 2 asubuhi, athari yake kwenye sukari hufika kileleni baada ya masaa 4 hadi 8, yaani kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni. Usiku hupungua, na ikifika alfajiri imeshaisha kwa kiasi kikubwa. Mchana kutwa ini linatengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu bila kuombwa, misuli inaikataa insulini, na kongosho nalo linazembea kuitoa. Ndani ya saa hizo hizo mtu anakula wali na mchuzi wa nazi. Ukimpima alfajiri tu unaona kesha limekwenda salama, ya mchana huyajui.

"Basi aache hivyo vidonge."

Haachi. Ameanza kutibiwa pumu na atamaliza siku zake 5.

"Basi mwongezeeni insulini sasa hivi, twende zetu."

Kiasi gani, na ya saa ngapi? Swali hilo ndilo lenye hatari. Mtu akisikia sukari inapanda jioni hukimbilia kuongeza sindano ya usiku. Sindano ya usiku hufanya kazi usiku, wakati vidonge vimeshapoa, na mzee ataanguka kabla ya alfajiri. Inayoongezwa ni ya asubuhi, ili nguvu yake ikutane na nguvu ya vidonge.

"Na nauli ya bodaboda mpaka Konde atatoa nani?"

Hilo halina jibu katika kitabu chochote cha tiba. Mzee mwenyewe ndiye aliyekata shauri: akakaa, akavua kofia, akaomba maji. Kijana akatoka nje kwenda kuitazama gari ikiondoka.

Saa 6:05. Mzee 11.4. Kijana anasema ni muhogo. Huenda. Tumeandika.

Saa 7 na kitu. Wodi ya wazazi wanapiga simu. Mama ana sukari, mimba ya wiki 31, uchungu umeanza mapema. Ameshadungwa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 kila masaa 12, sindano 4. Huyu si kama mzee. Miligramu 6 za deksamethasoni zina nguvu sawa na prednisoloni 40 hivi, na hazimwachii mtu hata alfajiri. Dawa hukaa mwilini zaidi ya siku moja na nusu. Sukari itaanza kupanda kama masaa 12 baada ya sindano ya kwanza, na inaweza kubaki juu mpaka siku 5. Kwa hiyo apimwe usiku na mchana, na insulini irekebishwe kwa kufuata namba, isikadiriwe kwa macho.

Chakula cha mchana kimeliwa kwa kusimama.

Baadaye akaja bibi mwenye prednisoloni ya mmenyuko wa ukoma (kinga ya mwili ikivimbisha ngozi na mishipa ya fahamu), ratiba ya kawaida ya wiki 12: huanza miligramu 40, kisha 30, 20, 15, 10, 5, kila hatua wiki mbili. Yeye kosa lake ni la upande wa pili. Prednisoloni imeshuka kutoka 20 hadi 15, na yuniti 20 za insulini ya NPH ya asubuhi, ile ya mawingu, hazikuguswa. Jana alasiri alitetemeka, jasho likamtoka akiwa anaanika karafuu. Leo ana 3.6. Chini ya 4 hakuna mazungumzo kwanza: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kungoja dakika 15, kupima tena. Ikawa 5.8, akapewa boflo. Kisha insulini ikateremshwa hadi 15. Katika viwango hivyo, kila prednisoloni ikishuka miligramu 5, insulini hushuka kwa asilimia 20 mpaka 25. Prednisoloni yenyewe asiikate ghafla hata sukari ikimsumbua: baada ya wiki tatu na zaidi mwili umeshasahau kujitengenezea steroidi yake wenyewe, na mtu anaweza kuzimia kwa presha kuanguka.

(Ndiyo maana hata wale wanaonunua madukani "dawa za kunenepa" zenye steroidi ndani hatuwafokei wazitupe siku hiyo hiyo. Kwanza tunauliza wamezimeza muda gani, kisha wanamwona daktari.)

Mgonjwa wa vidonge vya sukari asiyedunga kabisa naye ana hesabu yake. Metfomini haiwahi kuikimbiza prednisoloni ya siku 5. Gliklazidi ya asubuhi inaendana na mchana. Glibenklamidi hukaa muda mrefu na ina tabia ya kumwangusha mtu usiku. Ikibidi insulini, wengi huanza NPH yuniti 10 asubuhi. Kuna kanuni nyingine, yuniti 0.1 kwa kila kilo kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, mwisho 0.4 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 anayemeza 40, hiyo ni yuniti 24. Mtu wa umri mkubwa, au mwenye figo mbovu, huanzia chini ya hapo.

Nilisahau kusema alasiri imeshaadhiniwa. Mzee amelala kwenye benchi, kofia usoni. Kijana hasemi tena.

Saa 10:10. Akaoshwa mikono, akatobolewa. 21.3.

Kijana akaiangalia mashine, akatuangalia, akasema, "Pimeni tena." Tukapima kidole kingine. 20.9. Mkojo hauna ketoni (alama ya mwili kuishiwa insulini), mzee anaongea vizuri, anakunywa maji. Hakuna sababu ya kumlaza.

Daktari hakurukia 24, kwa sababu mzee ana insulini yake tayari. Alipandisha ya asubuhi kutoka 16 hadi 19, karibu asilimia 20. Ya usiku ikabaki 8. Kila siku apimwe kabla ya chakula cha usiku. Tunatafuta 6 hadi 10. Ikiwa bado juu ya 12, apige simu, asubuhi inayofuata tunaongeza tena asilimia 10 hadi 20. Siku ya 6, vidonge vikiwa vimekwisha, arudi kwenye 16. Hili tumemwambia mara tatu na kijana akalirudia kwa mdomo wake, kwani yuniti za ziada zikisahaulika zitamwangusha mchana wa siku ya 7.

Daftari la mgonjwa lina safu moja tu ya namba, "kabla ya chai". Tumechukua rula, tukachora ya pili kwa kalamu nyekundu: "saa 10 jioni". Tumemwazima mashine na vijiti 10. Kijana akaonyeshwa kuibingirisha chupa baina ya viganja, mara kumi na zaidi, mpaka mawingu yaenee sawa. Asiitikise. Nyumbani hawana friji, basi chupa ikae juu ya mchanga mbichi ndani ya chungu, kivulini.

Wakaondoka na gari ya mchanga iliyokuwa ikienda Micheweni.

Vijiti vikahesabiwa, friji ikasomwa, nyuzi 5. Wodi ya wazazi: mama 12.7, dripu ya insulini inaandaliwa, zamu ya usiku imekabidhiwa.

Saa 2 usiku simu ikalia. Ujumbe wa kijana: "18.2. Nimzidishie?"

Jibu: "Hapana. 8 zile zile, kisha ale. Kesho asubuhi 19."

"Sawa. Na nauli ya kesho kutwa?"