Keekee ya meno ya kukanyaga, leo imezunguka

Haya, imezunguka jamani. Kwa ambaye hakuwepo mwanzo, chuo kimoja hapa Mbeya kina kabati la vifaa vya zamani vya hospitali na meno, kuna makoleo ya kung'olea, sirinji za kioo, na ile pembe ya Pinard ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni (sijui inafanya nini kwenye mambo ya kale wakati zahanati kibao bado zinaitumia), na mimi wikendi najitolea kuvisafisha.

Kilichonila muda ni hii keekee ya daktari wa meno. Mashine za aina hii James Morrison alizipatia hataza (yaani haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1871, kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wanazungusha ncha kwa vidole tu, we fikiria hayo maumivu. Unakanyaga pedali, gurudumu zito la chini linazunguka, mkanda unapanda na mlingoti mpaka kwenye vikapi vya juu, halafu unafuata mkono mpaka pale ncha ya kutobolea inapokaa. Yaani cherehani tupu, ndo maana nikaenda kumtafuta fundi cherehani Mwanjelwa.

Gurudumu lilikuwa limegoma kabisa, grisi ya zamani imeshikana na vumbi, tukaloweka kwa mafuta ya taa tukafuta na kitambaa taratibu, msasa marufuku. Mkanda wa asili umekatika, tumefunga wa ngozi wa cherehani, ule wa zamani nimeuweka kwenye bahasha na namba yake. Fundi akaanza, "Dogo, acha nipulizie rangi nyeusi hapa, itoke mpya." Nikamwambia hapana fundi, hebu cheki pedali, imelika upande mmoja tu, kwenye kisigino, huyo ni daktari alikuwa anasimama mguu mmoja na mwingine unakanyaga, miaka na miaka. Ukipaka rangi umemfuta. Akanuna kidogo, akaendelea.

Hizi za mguu zilikuwa zinafika mizunguko kama 2,000 kwa dakika, za hewa za siku hizi zinapita 300,000, na nilivyokanyaga leo mkono mzima wa mashine ulikuwa unatetemeka.

Kuna na kichupa cha zebaki ya kuchanganyia dawa ya kuzibia meno, hicho hakikai kabatini, kimefungwa vizuri na mtu wa maabara kakichukua. Wiki ijayo makoleo, yana kutu ya kutisha.